Deni Lina Watu Watatu

Kazi yangu ni ualimu wa shule ya msingi. Kila siku nawaonya watoto wasianze kujibu kabla ya kusoma swali mpaka mwisho. Lakini mwaka 2023 mimi mwenyewe nilijibu swali kubwa ambalo sikulisoma hata nusu yake, nalo lilikuwa swali la ndugu yangu. Jibu langu lingeweza kumpotezea akiba ya miaka minane, tena kumtia katika kosa mbele ya serikali ya nchi iliyompokea. Nawasimulieni habari hii bila kuficha aibu yangu, kwa maana najua wengi wenu mna ndugu ng'ambo. Nao huwauliza mambo kama hayo kwa simu, nanyi huwajibu upesi kama nilivyofanya mimi.

Ndugu yangu huyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Wakati wa vita shangazi yetu alimchukua akali mtoto, akavuka naye ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, wakakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu. Mimi nilibaki Kalemie pamoja na wazazi, halafu nikaingia seminari ndogo. Mwaka 2015 yeye na shangazi walipokelewa Marekani, wakapelekwa katika jimbo la Ohio. Huko mdogo wangu alipata kazi ya usiku katika ghala kubwa la mizigo. Siku za Jumamosi alimsaidia mzee mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Kivu, mwenye duka la vyakula vya Kiafrika: unga wa muhogo, mawese, samaki wakavu, sombe iliyogandishwa, na vitenge vichache karibu na mlango. Mzee yule alimfundisha mdogo wangu kuendesha motokari, kusema na wateja na kuandika daftari la duka. Kwa kifupi, alikuwa kwake kama baba.

Jumapili moja jioni, mwezi wa tisa wa mwaka 2023, simu ililia.

«Yaya,» akasema, «mzee amechoka. Miguu yavimba, na watoto wake hawataki duka. Asema nilinunue mimi.»

«Kwa bei gani?»

«Dola 85,000. Mimi ninazo 28,000, nitampa mkononi. Zile 57,000 zinazobaki ni deni la serikali alilokopa wakati wa Korona. Asema nilichukue mimi. Kila mwezi nitie dola 293 katika akaunti yake ya benki, na serikali itazikata kama inavyozikata sasa. Jina libaki lake, tusiandike kitu. Yaya, wewe ndiwe mkubwa wetu baada ya baba. Ni vema?»

Nilifikiri muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nikaona duka, nikaona mdogo wangu ametoka katika kazi ya usiku, nikaona na paa la nyumba ya mama, ambalo alikuwa ameahidi kulitengeneza. Nikamjibu: «Mdogo wangu, kubali. Mkopo ukilipwa kila mwezi, serikali itajali nini ni mkono wa nani unaolipa?»

Hilo ndilo jibu langu. Sasa tazameni ubaya wake.

Yafaa kwanza mjue mkopo wenyewe ulikuwa wa namna gani. Katika Marekani kuna idara ya serikali iitwayo Idara ya Biashara Ndogo, nao huifupisha SBA. Iliundwa mwaka 1953. Mojawapo ya kazi zake ni kuwakopesha watu waliopatwa na maafa: tufani ikibomoa, mto ukifurika, moto ukiteketeza. Mwenye biashara aweza kukopeshwa hata kama ukuta wake haukuanguka, maadamu maafa yamemkata pato lake. Ugonjwa wa Korona ulipoenea mwaka 2020, serikali iliuhesabu kuwa maafa ya nchi nzima, na wenye biashara wakamiminika kuomba. Mwaka ule wa kwanza kipeo cha mkopo kilikuwa dola 150,000. Mwaka 2021 kiliinuliwa mpaka dola milioni 2. Maombi mapya yalifungwa mwisho wa mwaka 2021, na kwa jumla ilitolewa mikopo karibu milioni 4.

Wengine waliichanganya mikopo hiyo na msaada mwingine wa wakati uleule, uliotolewa ili watu wasifukuzwe kazini, ambao uliweza kufutwa kwa aliyeutumia sawasawa. Lakini huu mkopo wa maafa haukuwa wa kufutwa. Ulikuwa deni kamili, la kulipwa kwa miaka 30, kwa riba ya 3.75 kwa mia kila mwaka. Mzee wetu alikopa dola 60,000 mwishoni mwa mwezi wa sita mwaka 2020, wakati wateja wake wengi walipokuwa wamepoteza kazi na mizigo yake imekwama bandarini. Alizitumia kwa kodi ya nyumba ya duka, kwa umeme na kwa mshahara wa msaidizi. Hakuiba kitu, wala hakudanganya mtu. Mlikumbuke jambo hilo.

Sasa mwaona kwa nini deni lile lilipendeza kuliko fedha za benki. Mwaka 2023 riba ya msingi ya mabenki ya Marekani ilifika 8.5 kwa mia, na mtu mdogo kama ndugu yangu hutozwa zaidi ya hiyo. Nani asingependa kurithi deni la 3.75 kwa mia, la kulipwa polepole kwa miaka 30? Deni lilikuwa limegeuka kuwa kama mali. Mzee alidhani anampa mdogo wangu zawadi; naye mdogo wangu alidhani anapokea zawadi; nami mwalimu nikawabariki wote wawili kwa ujinga wangu.

Rafiki mmoja wa kazini ndiye aliyetuokoa. Alimshika mdogo wangu mkono, akamwambia: «Usimpe mtu dola elfu ishirini na nane kabla ya kumwona mwanasheria.» Mdogo wangu alinung'unika kwa sababu mwanasheria hutaka malipo, walakini akaenda. Mwanasheria alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza neno moja tu: «Na serikali imesema nini?»

Mdogo wangu akanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameiuliza serikali.

Ndipo mwanasheria akamfungulia daftari la jimbo. Katika kila jimbo la Marekani liko daftari la wazi, ambamo mwenye kukopesha kwa rehani ya mali zinazochukulika huandikisha haki yake, ili kila mnunuzi aweze kuiona kabla ya kutoa fedha. Kwa mikopo hii ya Korona, deni lililopita dola 25,000 liliwekewa rehani juu ya mali yote ya biashara. Basi jina la duka lilikuwamo, na mbele yake jina la mdai, yaani serikali ya Marekani. Majokofu, mizani, mashine ya kukatia samaki waliogandishwa, rafu, unga na mawese yaliyo juu ya rafu, hata fedha ambazo wateja walikuwa hawajazilipa, vyote vilikuwa rehani.

Usiku ule mdogo wangu alinipelekea picha za hati zote. Nikachukua kamusi, nikasoma mpaka taa yangu ikaishiwa moto. Nilikuta maneno mawili ambayo ningeyauliza tangu mwanzo kama ningekuwa mwalimu mwenye kusoma swali. La kwanza, mkopaji haruhusiwi kuuza wala kuhamisha mali iliyo rehani bila idhini ya serikali iliyoandikwa. La pili, biashara ikibadili mwenyewe bila idhini hiyo, mkopaji amevunja mapatano, na serikali yaweza kudai deni lote mara moja, wala si dola 293 za mwezi tena.

Fikirini sasa hali ya mdogo wangu kama angefuata shauri langu. Angetoa dola 28,000, akakaa katika duka ambalo kila kitu chake kimeshikwa na mtu mwingine. Angelipa kila mwezi bila kukosa, na bado machoni pa serikali angekuwa mgeni asiyejulikana. Mzee angekufa, au benki ingeifunga akaunti yake, au serikali ingeuliza siku moja: «Mwenye duka ni nani?» Hapo wangejibu nini? Kusema uongo katika hati za serikali kule ni jinai, na mdogo wangu alikuwa akingojea kupewa uraia. Mzee naye asingekuwa salama: angekuwa amekwisha kula fedha za duka, na deni likali kwa jina lake.

Msidhani kwamba wangeponyoka kwa kununua kampuni nzima badala ya vitu vya dukani. Wako waonao hivyo: «Sinunui majokofu, nanunua hisa, kampuni ndiyo iliyokopa, nayo haikuhama.» Ni kweli kwamba deni hubaki katika kampuni, lakini mwenye kampuni amebadilika, na neno la pili la hati lakataza hilo pasipo idhini. Tena, kwa mikopo ya Korona iliyopita dola 200,000, wenye biashara walitia mkono kuwa wadhamini kwa mali yao wenyewe. Mdhamini wa namna hiyo aweza kuuza kila kitu na kuondoka, na dhamana yake ikamfuata nyumbani mpaka serikali imfungue.

Kesho yake nilikwenda darasani na hati zile kichwani. Saa ya hesabu, mwaka wa sita, niliandika ubaoni: «Mtu amekopa 60,000. Riba ni 3.75 kwa mia kwa mwaka. Serikali imemwambia asilipe kitu miezi 30 ya kwanza, lakini riba inaendelea kuhesabiwa. Baadaye alipa 293 kila mwezi kwa miezi 10. Anadaiwa kiasi gani?»

Watoto wengi walifanya kama mzee alivyofanya. Walizidisha 293 mara 10, wakapata 2,930. Wakaziondoa katika 60,000, wakaandika 57,070. Binti mmoja wa benchi la nyuma hakuwa ameandika jibu. Nilipomwendea, aliniuliza: «Mwalimu, ile miezi 30 ya kungojea, riba ilikwenda wapi?»

Binti huyu alikuwa amesoma swali mpaka mwisho. Riba ya mwaka mmoja ni 2,250. Kwa miezi 30 ni 5,625, na kwa miezi 10 inayofuata ni 1,875, jumla 7,500. Basi deni ni 60,000, kuongeza 7,500, kuondoa 2,930, yaani 64,570. Mzee hakukosa hata mwezi mmoja, na walakini alidaiwa zaidi ya alichokopa. Miezi ile ya kungojea ilikuwa huruma ya kweli kwa mwenye duka tupu, lakini huruma yenyewe ilikuwa na daftari lake. Mdogo wangu alikuwa karibu kupokea deni la 64,000 huku akiambiwa kwa nia njema kwamba ni 57,000.

Kengele ilipolia nilibaki nimeketi mbele ya ubao. Nilikuwa nakumbuka matanga ya baba.

Baba alikuwa mvuvi. Alipofariki, mwaka 2006, nilikuwa likizoni kutoka seminari. Siku ya kuondoa matanga, baba mdogo alisimama mbele ya watu wote, akasema kama ilivyo desturi yetu: «Aliyemdai marehemu aseme, na aliyedaiwa na marehemu aseme.» Mfanyabiashara mmoja wa sokoni akasimama, akaeleza kwamba alimkopesha baba mashine ya mtumbwi, na kwamba nusu ya bei ilikuwa haijalipwa. Baba mdogo akasema: «Deni hilo nalichukua mimi, na mtumbwi nitauchukua mimi.»

Mfanyabiashara hakujibu upesi. Alimtazama, akamwuliza: «Wewe wavua samaki?»

«Hapana, mimi ni mwashi.»

«Mimi nilimkopesha mvuvi, kwa sababu nilijua ziwa litamlipia. Wewe utanilipa na nini?»

Wazee wakaingia kati, nao hawakumlaumu kwa swali lake. Walikubaliana kwamba mashine iuzwe. Katika bei yake mfanyabiashara achukue haki yake kwanza, na kitakachobaki apewe mama, pamoja na mtumbwi. Ikafanyika hivyo mbele ya mashahidi, na mama aliishi bila mtu wa kumgongea mlango.

Nilikuwapo pale, nikasikia kwa masikio yangu. Basi kwa nini niliposikia habari ya Marekani nilidhani kwamba deni laweza kuhama kati ya watu wawili, huku wa tatu hayupo? Kwetu sisi, wasiosoma na waliosoma, deni lina watu watatu likitaka kuhama: anayeliacha, anayelichukua, na yule aliyetoa mali yake. Wawili wakipatana pasipo wa tatu, hawajahamisha deni. Wamelificha tu.

Na swali la mfanyabiashara yule ndilo swali la serikali ya Marekani. Mkopo wa maafa hutolewa kwa sababu ya jeraha. Mzee alipewa riba ndogo na miaka mingi kwa sababu maafa yalimpiga yeye, katika duka lake, mwaka 2020. Mdogo wangu hakujeruhiwa katika duka lile. Alikuwa ghalani, akipokea mshahara. Serikali ikimwachia kila mnunuzi achukue mkopo wa namna hiyo kwa siri, riba ya wahitaji itakuwa bidhaa ya kuuziana. Ndiyo sababu, biashara inapouzwa, njia iliyo ya kawaida ni kulilipa deni lote katika bei ya mauzo, ili mnunuzi aanze na mali iliyo huru. Hati ya mkopo haimtozi faini yeyote kwa kulipa mapema.

Ikabaki kazi iliyo ngumu kuliko hesabu, yaani kumwambia mzee. Mdogo wangu hakuthubutu. Alisema: «Yaya, yeye ni baba yangu huku. Nikimwambia habari ya mwanasheria, ataona kwamba namdhania mwizi.» Basi nikampigia mimi.

Mzee alinisikiliza kidogo, kisha sauti yake ikabadilika. «Mwalimu,» akasema, «nimemlea mdogo wako miaka minane. Leo mwanipelekea mwanasheria?»

«Baba,» nikamjibu, «kosa ni langu. Mimi ndimi niliyemwambia akubali bila kuandika. Nilikuwa nataka kuwatia ninyi wawili katika shimo moja.» Nikamsimulia matanga ya baba yetu, na mfanyabiashara wa mashine, na jinsi wazee walivyokata shauri. Alinyamaza muda mrefu, hata nikadhani simu imekatika. Baadaye akauliza polepole: «Na hesabu yenu yasemaje?»

Nikamsomea. Akasema haiwezekani, kwa sababu hajakosa mwezi. Nikamweleza ile miezi 30, hatua kwa hatua, kama ninavyowaeleza watoto. Alipoelewa, alishusha pumzi. Alikuwa amejihesabia dola 28,000 za kumtunza uzeeni, na sasa aliona zikipungua bila mtu kumwibia. Nilimhurumia sana, wala sikuwa na neno la kumfariji. Mwishowe akasema: «Basi tuwaandikie. Tusikie kwao wenyewe.»

Aliiomba serikali hati ya kueleza deni lote lililobaki mpaka siku ya kulipa. Hati ikaja, na hesabu yake ikalingana na ile ya binti wa benchi la nyuma.

Mwisho wa mwezi wa kumi walikutana katika ofisi ya mwanasheria. Bei ilibaki dola 85,000. Mdogo wangu alitoa 28,000 zake. Chama cha akiba na mikopo ambacho yeye ni mwanachama kilimkopesha 40,000, kwa riba ya 10 kwa mia. Mwanasheria alizishika fedha zote mpaka kila hati ilipokwisha kutiwa mkono. Kwanza akailipa serikali dola 64,570. Zikabaki 3,430, akapewa mzee siku ileile. Dola 17,000 zilizosalia, mdogo wangu aliandikiana na mzee kumlipa kwa miaka mitatu, dola 472 kila mwezi bila riba, nao wote wawili wakatia mkono. Baada ya miezi kadhaa jina la serikali likaondolewa katika daftari la jimbo, na hati ya kufungua rehani ikaja. Mdogo wangu aliitia katika fremu, akaitundika nyuma ya mizani.

Je, alipata hasara? Kwa hesabu ya riba peke yake, ndiyo. Anakilipa chama chake riba iliyo zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya mzee. Miaka miwili ya kwanza alifanya kazi dukani mchana na ghalani usiku, na shangazi ndiye aliyekaa dukani asubuhi ili yeye alale. Paa la mama lilingoja. Mvua za mwaka 2024 zilimkuta mama akihamisha kitanda kutoka pembe moja hadi nyingine, na kila alipokihamisha mimi nilijua sababu. Lakini mama hakunung'unika. Alisema: «Maji haya nayajua yanatoka wapi. Deni la siri hulijui litatokea wapi.»

Basi, msomaji, ikiwa wewe au ndugu yako mwataka kununua duka, shamba, kinu au motokari ya mtu aliyekopa, iwe huko ng'ambo au hapa kwetu, ulizeni kabla ya kutoa fedha. Ni nani aliyetoa mkopo, na je, ameulizwa? Ni kitu gani kilichowekwa rehani, na kimeandikwa katika daftari gani? Deni lote ni kiasi gani leo, kwa hati ya mdai mwenyewe, wala si kwa kumbukumbu ya mdaiwa hata akiwa mtu mwema? Mkiambiwa kwamba hakuna haja ya kuandika, ahirisheni mpaka kesho. Mzee wetu hakuwa mlaghai. Wema wake na upendo wetu kwake ndivyo vilivyotufumba macho.

Mzee yu hai. Kila Jumamosi huenda dukani, akaketi juu ya kiti karibu na vitenge, akawaamkia wateja wa zamani. Mwezi unapokwisha, mdogo wangu humpa hundi yake mbele ya watu, naye huitia mfukoni bila kuitazama.

Nayo nyumba ya mama iliezekwa upya mwaka 2025. Siku ya kupigilia bati la mwisho, mdogo wangu alipiga simu ili asikie sauti ya nyundo. Akaniuliza: «Yaya, kuna mtu mwingine anataka kuniuzia motokari ya kubebea mizigo. Asema bado ana deni kidogo. Ni vema?»

Nikamwambia: «Nipelekee hati kwanza. Nitakujibu nikishazisoma.»